UCHOVU SI UVIVU
Somo la wazazi na walimu juu ya mtoto aliyetibiwa saratani

Mukadima

Yapasa ijulikane ya kwamba saratani ya watoto ilikaa zama nyingi pasina dawa. Mtoto aliyepatwa na saratani ya damu alikuwa akihesabiwa majuma na miezi, wala tabibu hakuwa na la kumfanyia ila kumpunguzia maumivu. Mwaka 1948 tabibu Sidney Farber wa mji wa Boston, Marekani, alieleza ya kuwa kwa dawa maradhi hayo yalirudi nyuma kwa muda katika baadhi ya watoto. Mwaka 1958 Denis Burkitt, tabibu mpasuaji aliyekuwa mjini Kampala, aliandika habari za uvimbe wa taya uwapatao watoto wa Afrika. Na baadaye ikaonekana ya kwamba uvimbe huo husikia dawa upesi. Tangu hapo elimu haikusita. Katika nchi tajiri watoto zaidi ya 80 katika kila 100 wenye saratani hupona. Katika nchi maskini wanaopona hawafiki 30 katika 100, na kwa ajili hiyo Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 liliazimia ya kwamba ifikapo mwaka 2030 wapone angalau 60 katika kila 100 duniani.

Basi kwa kuwa watoto wanapona, imezaliwa haja ambayo wazee wa zamani hawakuijua. Mtoto arudi kutoka Muhimbili, au Bugando, au Kenyatta. Nywele zimeota, uso umejaa, jirani wamekuja kutoa pongezi. Juma la pili apelekwa skuli, na mwezi haujaisha mwalimu ashitaki: mtoto alala juu ya dawati, hamalizi hesabu, husahau la jana. Nyumbani aambiwa amedeka kwa sababu ya maradhi. Watu hawajui ya kuwa maradhi yameondoka na uchovu umebaki. Na kwa kutojua huko, mtoto aliyeokolewa na kifo huweza kupotezwa na darasa. Somo hili ni la kubainisha uchovu huo, na jinsi ya kumsomesha mtoto pamoja nao.

Mlango wa kwanza: Uchovu huu ni upi

Uchovu wa mtu mwenye afya una sababu na una mwisho. Amelima, akachoka, akalala, akaamka na nguvu zake. Uchovu wa mtoto huyu si huo. Huja bila ya kazi kubwa, wala usingizi hauuondoi. Aweza kulala saa 10 akaamka kama aliyekesha. Tena haushiki njia moja: leo acheza na wenziwe uwanjani, kesho hawezi kufunga vifungo vya shati. Na jambo hili la leo na kesho ndilo liwapotezalo watu, kwani husema, “Jana alikuwa akikimbia, haya ya leo ni hila.” Wasemao hivyo hawakuwaza ya kwamba huenda mbio za jana ndizo zilizomlaza leo.

Na uchovu huu una sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ya mwili: miguu mizito, mikono isiyokamata, kupanda ngazi kwa kupumzika katikati. Sehemu ya pili ni ya akili, nayo ni ngumu zaidi kuonekana. Mtoto asoma ukurasa, na afikapo chini hakumbuki juu palisemwa nini. Aambiwa mambo matatu kwa pamoja, ashika moja. Ajua jibu, lakini hulitoa baada ya wenziwe kwisha kujibu. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na uchovu wa akili ni kitanda ambacho hakuna akilaliacho darasani ila mtoto huyo mmoja.

Muda wake hauna kipimo kimoja. Kwa wengine hupungua katika miezi michache baada ya dawa kwisha. Kwa wengine huendelea mwaka na miaka. Na saratani ya damu iliyo nyingi kwa watoto hutibiwa kwa muda wa miaka 2 mpaka 3, na sehemu kubwa ya muda huo mtoto huwa nyumbani akimeza vidonge. Kwa hiyo wengi wao huingia darasani na dawa ingali mwilini.

Mlango wa pili: Sababu zake

Ajuaye sababu huhurumia kwa elimu. Nazo ni nyingi, na mara nyingi hukutana mbili au tatu kwa mtoto mmoja.

Kwanza, upungufu wa damu. Dawa za saratani huua chembe mbaya, na pamoja nazo hudhoofisha mahali damu inapotengenezwa, ndani ya mifupa. Damu ikipungua, pumzi haifiki mwilini kwa kiasi kitakiwacho, na mtoto huchoka kwa kutembea kidogo.

Pili, dawa zenyewe. Iko dawa iitwayo vinkristini, nayo huweza kudhuru mishipa ya fahamu ya mikono na miguu. Mtoto hushika kalamu kwa shida, na miguu hujikwaa. Ziko dawa za jamii ya predinisoloni, ambazo zikitumika siku nyingi hulegeza misuli, huvuruga usingizi na kubadili tabia, hata mtoto mpole akawa mwepesi wa kukasirika.

Tatu, matibabu yaliyofika kichwani. Mtoto aliyepigwa mionzi ya kichwa, au aliyetiwa dawa katika maji ya uti wa mgongo, huweza kupungukiwa na wepesi wa kufikiri na uwezo wa kukaza nia juu ya jambo moja. Na kasoro hii pengine haionekani mwaka ule ule, bali hujitokeza miaka ya baadaye, masomo yanapozidi ugumu. Kwa hivyo mtoto aliyefaulu darasa la 2 akaanguka darasa la 5 hana budi kupimwa kabla ya kulaumiwa.

Nne, viungo vya ndani. Baadhi ya dawa huweza kudhoofisha moyo, na mionzi ya shingo huweza kudhuru tezi iliyo mbele ya koo. Vyote viwili huleta uchovu, na vyote hujulikana kwa kupimwa.

Tano, chakula kidogo, usingizi mbovu, maumivu na huzuni. Mtoto aliyeona wenziwe wa wadi wakifa hatoki hospitali na moyo ule ule alioingia nao.

Kwa sababu hizi, jambo la kwanza kwa mzazi ni kumweleza daktari habari ya uchovu wenyewe. Wazazi wengi huulizwa kliniki, “Mtoto hajambo?” nao hujibu, “Hajambo,” kwa kuwa hana homa, na damu iliyopungua au tezi iliyolegea, ambazo zina dawa, hubaki hazikutafutwa.

Mlango wa tatu: Makosa mawili

Watu katika jambo hili wamegawanyika mafungu mawili, na yote mawili yamekosea.

Fungu la kwanza humlazimisha. Husema, “Amepona, na awe kama wenziwe.” Huamshwa alfajiri, hutembezwa mwendo mrefu, huingizwa katika mchakamchaka, huchoteshwa maji, na alalapo darasani hupigwa. Fimbo haiongezi damu. Wala mtoto apigwaye kwa sababu ya maradhi hajifunzi bidii; hujifunza kuficha. Na aliyezoea kuficha uchovu ataficha na homa, na homa kwake ni hatari kama itakavyoelezwa.

Fungu la pili humwachisha. Husema, “Masikini, ameteseka, na akae tu, uhai ni bora kuliko kusoma.” Maneno haya yametoka katika mapenzi, lakini mwisho wake ni mbaya. Mtoto akaaye kitandani mchana kutwa misuli yake huzidi kulegea na usingizi wa usiku hukimbia, hata akachoka zaidi kuliko hapo kwanza. Tena huachwa nyuma na rika lake, na aonapo aibu ya kukaa na wadogo zake hukataa kurudi kabisa. Na kumtoa skuli ni kumwambia, bila ya kusema, ya kwamba hatarajiwi kuishi.

Njia ya haki iko baina ya hizo mbili: asome, lakini kwa kipimo, apumzike, lakini kwa saa maalumu.

Mlango wa nne: Nguvu zake ni kama fedha ya matumizi

Mfano wa mtoto huyu ni mtu aliyekwenda sokoni na shilingi 10. Akizitoa 8 kuwa nauli, hufika sokoni na 2, wala hakuna atakachonunua. Vivyo hivyo mtoto atembeaye kilomita 3 kwenda skuli huweza kuwa amekwisha tumia nguvu za siku nzima kabla ya kufungua daftari. Basi mzazi asiulize tu, “Mtoto ana nguvu kiasi gani?” bali aulize, “Nguvu hizo anazitumia wapi?”

Na aanze hivi. Kwa siku 7 aandike katika daftari: mtoto aliamka saa ngapi, alikula nini, alifanya nini, saa gani alichangamka, saa gani alilegea. Aandike na siku za dawa na siku za kliniki. Baada ya siku hizo ataona jambo ambalo kwa macho matupu halionekani. Huenda akaona saa 2 mpaka saa 4 asubuhi mtoto ni mzima, na baada ya saa 6 hana kitu. Au kwamba kila baada ya dawa ya hospitali siku 3 hupotea. Daftari hilo ni hoja kwa daktari, na ni dira kwa mwalimu.

Kisha afanye mambo manne. Apunguze gharama isiyo na faida: mtoto apelekwe kwa baiskeli au pikipiki ikiwezekana, na vitabu vizito vibaki skuli au vichukuliwe na nduguye. Asomo lililo gumu aliweke katika saa njema, na kazi nyepesi katika saa dhaifu. Ampe mapumziko kabla hajaanguka, wala si baada. Nusu saa ya mchana yatosha, kwani usingizi mrefu wa mchana huiba usingizi wa usiku. Na usiku alale mapema, maana mtoto wa miaka 6 mpaka 12 huhitaji saa 9 mpaka 12 za usingizi.

Jambo la tano wengi hulistaajabia: atembee. Imethibiti kwa uchunguzi wa matabibu ya kwamba mwendo mwepesi wa kila siku hupunguza uchovu huu. Aanze kwa dakika chache za kutembea kwa raha, na aongezewe kidogo kidogo, kwa ruhusa ya daktari wake. Haba na haba hujaza kibaba.

Mlango wa tano: Kurudi skuli

Kabla mtoto hajarudi, mzazi aende kwa mwalimu mkuu na mwalimu wa darasa, akiwa na barua ya daktari. Barua hiyo itaje kwa maneno mepesi mambo haya: mtoto ametibiwa nini, dawa zimekwisha au bado, asifanye kazi gani, na dalili gani ikionekana aitwe mzazi mara moja. Achaguliwe mwalimu mmoja wa kumwangalia, ili mzazi asiwe na watu kumi wa kuwaeleza jambo moja.

Kisha arudi kwa daraja. Mfano wake: juma la kwanza na la pili aende siku 3, kwa saa 2 zile zilizo njema kwake. Juma la tatu na la nne aende siku zote 5, lakini arudi wakati wa mapumziko makubwa. Asipozidiwa, aongezewe somo moja kila juma. Kipimo cha kuongeza ni siku ya pili yake: akiamka kama kawaida, kipimo ni sawa, akiamka hoi, kimezidi, na kirudishwe nyuma bila ya lawama. Mwenda pole hajikwai.

Wenziwe nao waambiwe ukweli kabla hajaingia: saratani haiambukizi kwa kukaa pamoja, wala kwa kula sahani moja, wala kwa kushikana mikono. Mtoto mwenyewe aulizwe kwanza yapi asemewe na yapi yafichwe, kwani siri ya mwili ni yake.

Mlango wa sita: Yampasayo mwalimu

Mwalimu amweke mtoto mbele, karibu na ubao na mbali na kelele za mlango, mahali ambapo akiinamisha kichwa haonwi na darasa zima. Ampe ruhusa ya kutoka kupumzika bila ya kuomba mbele ya watu.

Ampunguzie wingi, asimpunguzie elimu. Wenziwe wakifanya hesabu 20, yeye afanye 6 zenye kila namna iliyofundishwa. Akizipata hizo amejua. Asinakili ubao mzima, bali mwenzake amwazime daftari, au mzazi apate picha ya maandishi kwa simu. Mkono ukiwa dhaifu, aulizwe kwa mdomo. Maagizo apewe moja moja, na lililo refu aandikiwe.

Kazi ya nyumbani ipimwe kwa saa, isipimwe kwa kurasa: dakika 15 au 20, kisha apumzike, na palipokomea ndipo mwisho wake. Na mtihani unapokaribia, mwalimu mkuu aulize mapema taratibu za baraza la mitihani kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, kwani ombi lenye barua ya daktari halifai kungoja juma la mtihani.

Katika kazi za skuli asiondolewe zote, maana aondolewaye yote hujiona si wa hapo. Asifagie uwanja wala asibebe ndoo. Lakini aweza kuita majina, kugawa madaftari, au kutunza chaki.

Mlango wa saba: Chuoni na katika Ramadhani

Watoto wengi watokapo skuli huenda chuoni jioni, na jioni ndiyo saa yao dhaifu. Mwalimu wa chuo naye aelezwe kama alivyoelezwa wa skuli. Mtoto aweza kusomeshwa siku za mwisho wa juma asubuhi, aya chache kwa kusikiliza na kurudia, na kukaa akiegemea. Kuhifadhi kwake kukiwa kwa polepole, si kwa dharau.

Na katika saumu, mtoto asiyebaleghe haimlazimu. Na aliyebaleghe akiwa mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku hizo apatapo nguvu. Mtoto aliye katika dawa asifunge kwa kuwaonea wivu wenziwe pasina kauli ya daktari, kwani dawa nyingine huhitaji maji mengi mwilini. Na asiyeweza kusimama husali kwa kukaa. Mambo haya aambiwe waziwazi, asije akadhani ya kuwa udhaifu wake ni dhambi.

Tanbihi: Dalili zisizongoja

Si kila kulegea ni uchovu huu. Mtoto aliye katika dawa akiwa na joto la 38 au zaidi, apelekwe hospitali saa ile ile, ijapokuwa ni usiku; asipewe dawa ya malaria nyumbani akangojewa kukuche, maana mwili wake hauna askari wa kutosha. Vilevile darasani akitokea mwenye surua au tetekuwanga, mwalimu amwarifu mzazi siku hiyo, na mzazi awaarifu matabibu. Tena weupe wa viganja na midomo, madoa ya damu katika ngozi, uvimbe, maumivu ya mifupa, kichwa kiumacho na kutapika asubuhi, au uchovu uliozidi ghafula, vyote vyahitaji kupimwa upesi.

Maswali na majibu

Swali: Mtoto atajulikanaje kwamba si mvivu?
Jibu: Mvivu hukwepa kazi na huchangamka kwa mchezo. Huyu uchovu humshika hata katika mchezo aupendao. Na panapokuwa na shaka, afadhali mvivu mmoja apumzishwe kuliko mgonjwa mmoja apigwe.

Swali: Arudie darasa au aendelee na wenziwe?
Jibu: Litazamwe lililo karibu na maslahi yake, na aulizwe mwenyewe. Ikiwa amekosa mwaka mzima na msingi wa kusoma na hesabu haupo, kurudia humpa nguvu. Ikiwa msingi upo, wenziwe wa rika ni dawa kwake, na yaliyompita atayapata kidogo kidogo.

Swali: Nduguze wakinung'unika ya kuwa yeye hafanyi kazi?
Jibu: Waelezwe sababu, na wapewe nao saa yao kwa wazazi. Wao pia waliachwa wakati wa hospitali, na manung'uniko yao huwa ni njaa ya kuangaliwa. Na mgonjwa naye apewe kazi ndogo ya nyumbani, kama kuchambua mchele akiwa amekaa.

Khatima

Muhtasari wa somo ni huu. Uchovu baada ya saratani ni athari ya maradhi na dawa, si tabia. Una sababu zinazoweza kupimwa, na baadhi zina dawa. Mtoto asiachishwe kusoma wala asilazimishwe kupita nguvu zake. Bali ahesabiwe nguvu zake, zitumike katika lililo bora, na kipimo kiongezwe kwa kutazama siku ya pili yake. Mzazi, mwalimu wa skuli, mwalimu wa chuo na daktari wawe na neno moja.

Atakayemwona mtoto wa namna hii amelala juu ya dawati, na akumbuke ya kwamba amefika hapo baada ya safari ambayo wengi hawakuimaliza. Amwache alale nusu saa, kisha amwamshe kwa upole, amwonyeshe somo lilipofikia. Kuponya ni kwa Mwenyezi Mungu. Na kumsomesha aliyeponywa ni amana juu ya watu.